Nafunga si Nimefunga

Maneno yenyewe niliyasikia sokoni Makorora, nimeinama nachagua nyanya chungu. Mtu nyuma yangu akasema, "Mmesikia? Kuna kijana kiwandani kaua mtu kwa Kiingereza."

Watu wakacheka. Muuza dagaa akadakia, "Kwa Kiingereza kipi, cha chooni au cha barazani?"

"Cha redio. Neno moja tu kasema, mwenzake kaungua kama samaki."

Hapo kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akasema astaghafirullah. Mimi nyanya chungu zilikuwa bado mkononi, na nakumbuka nilizirudisha moja moja kwenye fungu lake, kwa utaratibu, kana kwamba nikiziweka vizuri maneno yale yatageuka. Kwa sababu mwanangu Hosea alikuwa anafanya kazi kiwanda cha sabuni, na kazi yake ilikuwa ya redio. Nikapiga simu yake. Ikaita, ikaita, ikakata.

Tangu siku ile uvumi huo haujanitoka. Nimeukuta bombani, nimeukuta kanisani, nimeukuta kwenye msiba wa watu ambao hata hawanijui, na kila anayeusimulia anaongeza chumvi yake. Wengine wanasema Hosea alitukana. Wengine wanasema alikuwa amelewa. Mimi nimeishia darasa la saba, Kiingereza sijui zaidi ya salamu, lakini neno lililomuua Uweso, mtoto wa jirani yangu, nalijua kuliko wanavyolijua wao. Nawaandikia wenye watoto wanaofanya kazi na wageni.

Tunakaa Nguvumali. Sisi ni Wasambaa, Walutheri. Baba yangu alishuka kutoka Lushoto kuja kukata mkonge na hakurudi tena milimani. Jirani yangu ni Mwatumu, Mdigo, Muislamu, tumetenganishwa na ukuta mfupi wa matofali. Pilau ya Idi ilipita juu ya ukuta huo, na maandazi ya Krismasi yalirudi njia hiyo hiyo. Mwanawe Uweso na Hosea wangu walizaliwa masika moja. Nikiwa sipo, Hosea alikula kwa Mwatumu. Mwatumu akiwa hayupo, Uweso alikula kwangu, na alikuwa anakula huyo! Mwatumu alikuwa akiuliza, "Kabakiza sufuria?"

Walipomaliza kidato cha nne hakuna aliyefaulu. Uweso akaenda kubeba mizigo. Hosea nikampeleka tuisheni kwa Mwalimu Daniel, barazani kwake, maana kila mtu alisema kazi za sasa ni Kiingereza. Na nyumbani alikuwa anakariri kwa sauti, anatembea uani huku na huku. Come, came, come. Go, went, gone. Break, broke, broken. Mimi nafua, namsikiliza, sijui maana yake lakini najua kama karuka.

Yaliyompendeza zaidi ni yale yasiyobadilika. Cut, cut, cut. Put, put, put. Shut, shut, shut. Alikuwa anayasema kwa kuimba.

Mwatumu akachungulia ukutani. "Mama Hosea, huyu mwanao vipi? Shati, shati, shati. Ana mashati matatu na hana suruali hata moja!"

Uweso akatokea nyuma ya mama yake. "Mama, mwache. Akipata kazi atanunua suruali, suruali, suruali."

Tulicheka mpaka nikaketi chini kwenye mapovu. Hosea naye akacheka, akaniambia, "Mama, haya ndiyo mazuri. Leo shut, jana shut, juzi shut. Huwezi kukosea." Na Mwalimu Daniel naye aliwaambia hivyo hivyo, kwamba hizo ni za bure, wazichukue wakalale nazo.

Uweso ndiye aliyetangulia kupata kazi kiwandani, kazi ya kukwangua mapipa. Kile kiwanda wanachemsha mafuta ya nazi kwenye pipa la chuma, refu kama chumba, kwa mvuke unaokuja kwa bomba kutoka jengo la pili lenye boila. Sabuni ikishatolewa, masalia yanaganda kwenye kuta za pipa. Mtu anaingia ndani na chuma, anakwangua. Kabla hajaingia lazima bomba la mvuke lifungwe kwa koki iliyoko chini ya pipa, koki ya duara kama usukani wa gari.

Kule kwenye boila alikuwako mgeni, wao walimwita Injinia. Si Mwingereza. Kwao wana lugha yao, na Kiingereza chake, Hosea alivyosema, kilikuwa cha kuokoteza kama chetu. Kiswahili alijua "haraka" na "hapana". Wakati wa kusafisha pipa moja alikuwa akipeleka mvuke kwenye mapipa mengine, kwa hiyo kabla ya kufungulia huuliza kwa redio ya mkononi kama koki ya pipa linalosafishwa imefungwa. Akahitajika mtu wa kukaa kwenye koki anayeweza kumjibu. Uweso akasema, yuko ndugu yangu, Kiingereza anakiimba.

Ndivyo Hosea alivyopata ile kazi. Uweso alifurahi kuliko yeye. Akamwita Bwana Redio. Wakitoka asubuhi nasikia, "Bwana Redio, leo unasemaje na wazungu?" na Hosea anajibu, "Nawaambia wewe unanuka nazi."

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Haya nimeyapata kwa Hosea mwenyewe, na amenisimulia mara nyingi, hakuna neno alilobadilisha.

Uweso alitaka kumaliza mapema awahi msikitini. Koki ilikuwa imekaza kwa kutu. Hosea kainama anaizungusha, redio ameibana kati ya bega na sikio. Uweso kasimama mlangoni mwa pipa, chuma mkononi.

"Ushafunga?"

"Nafunga. Imekaza hii."

"Ukizeekea hapo niambie nikuletee kigoda. Mi naingia."

"Subiri kwanza."

"Nikusubiri wewe, na mimi nani anisubiri? Imamu? Funga, bwana." Akaingia.

Nataka mpaelewe hapo. Wote wawili walijua koki bado. Hosea alisema nafunga, hakusema nimefunga, na Uweso alisikia nafunga. Hata mtoto wa chekechea hawezi kuyachanganya hayo mawili. Ukimwambia nakula anajua sahani bado ina chakula. Ukimwambia nimekula anajua imebaki ya kuosha. Uweso aliingia akijua mvuke hauji mpaka Injinia aulize na ajibiwe. Lilikuwa kosa, sheria ya pale ni kusubiri, lakini ni kosa walilokuwa wakilifanya siku nyingi na kutoka salama.

Ndipo Injinia akauliza kwa redio, "You shut?"

Hosea mikono yake iko kwenye koki, anasukuma kwa nguvu zake zote. Akajibu vile mtu anavyojibu hodi huku bado anatafuta kanga. Hodi! Nakuja, nakuja. Hajafika hata mlangoni, lakini anasema nakuja, nakuja, ili wa nje asiondoke. Hosea akasema, "I shut, I shut."

Kichwani mwake ilikuwa nafunga, nafunga.

Kwenye sikio la Injinia ilikuwa nimefunga. Tena mara mbili.

Bomba likakohoa. Hosea anasema alilisikia likikohoa chini ya viganja vyake, na alijua, na aliendelea kuzungusha koki akipiga kelele kwa Kiswahili, toka, toka, toka, na kwenye redio pia alipiga kelele kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza chote kilikuwa kimemkimbia. Injinia hakuelewa. Alifikiri vijana wanagombana.

Yaliyotoka ndani ya pipa sitayaandika. Mwatumu anaweza kuja kusomewa haya.

Uweso hakufa siku ile. Alilala hospitalini, mwili mzima umefungwa, uso umevimba hata macho hayaonekani. Mimi na Mwatumu tulikaa wodini tumeshikana mikono. Wakati huo alikuwa bado ananishika mkono. Hosea polisi walikuwa wameshamchukua. Asubuhi moja mimi nimetoka kuchukua uji, Uweso akasema na mama yake. Niliporudi nilimkuta Mwatumu ameinama, sikio lake liko mdomoni pa mwanawe. Akainuka, akanitazama, na ule mkono hakunipa tena. Alasiri Uweso akafariki.

Hosea akashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Akapewa dhamana, akarudi nyumbani, lakini aliyerudi si yule aliyeondoka. Nikimwita, "Hosea, unakuja kula?" kimya. Nasubiri. Anatokea, anaketi, anashika kijiko, ndipo anasema, "Nimekuja." Nikimuuliza, "Unaoga?" kimya mpaka atoke na taulo. "Nimeoga." Mtoto wangu aliacha kusema jambo lolote ambalo halijaisha.

Polisi walishamwambia, kesi iko kwenye mambo mawili. Alimwambia nini Injinia, na alimwambia nini Uweso. Kama alimwambia Uweso "nimefunga" ilhali hajafunga, basi alimdanganya mtu akaingia kwenye kifo, hana pa kutokea. Kama alimwambia "nafunga", uzembe unagawanyika, huenda akasalimika. Na aliyesikia ni Uweso peke yake, na Uweso neno lake la mwisho alilisema kwa mama yake.

Nikaenda kwa Mwatumu arobaini ilipopita. Nilizunguka kwa mlango wa mbele, siku zote tunazungumza ukutani.

"Hodi."

"Karibu, Mama Hosea. Kaa hapo, usikanyage ukili wangu." Alikuwa anasuka mkeka, macho yako kwenye ukili.

Nikakaa. Nikatafuta pa kuanzia, sikupaona. "Shoga yangu, Uweso alikwambia nini?"

"Alisema, Mama, Hosea aliniambia, halafu kitu, halafu funga."

"Anafunga au amefunga?"

Mikono yake ikasimama. "Hebu sema wewe. Sema amefunga."

"Amefunga."

"Sema tena. Safari hii midomo yako isikutane."

Nikajaribu. Jaribuni na nyie mnaosoma. Midomo isipokutana, me haitoki. Inatoka kitu kama ne, kama na, kama pumzi tu.

"Umesikia?" akasema Mwatumu. "Mwanangu midomo ilikuwa imevimba hivi, haikutani. Hata hiyo funga aliipuliza tu. Nikilala nasikia na. Nikiamka nasikia me."

"Hosea anasema alimwambia anafunga."

"Najua anachosema Hosea. Huyo kala kwangu, simjui?" Akavuta ukili, ukakatika. "Sasa nisikilize, Mama Hosea. Nikisema ni na, basi Uweso aliingia anajua koki iko wazi. Kajiua kwa haraka zake, na watu wa kiwanda watanipa mkono wa pole waende zao. Nikisema ni me, basi wako ndiye aliyemuingiza wangu. Herufi mbili hizo. Moja inamzika mwanangu mara ya pili, moja inamfunga mwanao. Wewe kama mama, niambie, nichague ipi?"

Nilijua jibu langu, na yeye alilijua.

"Basi usiniombe," akasema. "Nenda kapike."

Mahakamani Injinia alitangulia. Mkalimani akatafsiri: nilimuuliza kama amefunga, akanijibu amefunga, tena mara mbili, nikajua ana uhakika. Hakimu akauliza Hosea alitamkaje hasa. Injinia akasema, "I shut." Mkalimani akageuza, "Nimefunga," akaketi.

Hosea akainua mkono kama yuko darasani. "Mheshimiwa, nilisema nafunga."

"Kwa Kiingereza ulisema nini?"

"I shut."

"Ndicho alichosema shahidi."

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini mimi nilisema nafunga."

Watu nyuma wakacheka. Kicheko kile kile cha sokoni.

Mimi nilikuwa nimemuomba Mwalimu Daniel aje atusaidie. Akaja na tai. Akaeleza vizuri, nasema ukweli, kwamba neno lile halibadiliki, kwa hiyo ukilisikia peke yake huwezi kujua kama kazi imeisha au bado. Nikapumua. Ndipo mwendesha mashtaka akasimama.

"Mwalimu, anayetaka kusema kazi iko mkononi, anaendelea kuifanya, aseme nini?"

"I am shutting."

"Na aliyemaliza?"

"I have shut."

"Mshtakiwa ulimfundisha hayo?"

Nilimwona Mwalimu akiwatazama watu waliojaa pale, wazazi wenye watoto. Tuisheni yake ilikuwa barazani bado. Akarekebisha tai. "Mimi nafundisha kikamilifu. Nilimfundisha."

"Ahsante, Mwalimu. Kwa hiyo alijua."

Hosea alikuwa amefundishwa, ni kweli, aliniambia. Lakini alisema ile ya kuongeza "am" na "ing" ni ndefu, na mtu mwenye mikono kwenye koki anashika lililo fupi. Hilo hakuna aliyemuuliza.

Mwatumu akaitwa. Akaapa kwa Msahafu. Sikuweza kumtazama, nilitazama viatu vyake, vile tulivyonunua pamoja.

"Marehemu alikwambia mshtakiwa alimwambia nini?"

"Alisema funga."

"Anafunga, au amefunga?"

Feni ilikuwa inalia juu. Akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena.

"Kilichotangulia sikukipata," akasema. "Siwezi kumwapia Mungu herufi ambayo mwanangu hakuweza kuitamka."

Hakimu akasema kwamba neno likiwa na maana mbili, mwenye kulisema ndiye anayepaswa kuhakikisha limefika na maana yake. Akasema mshtakiwa alimwona mwenzake akiingia na bado akalijibu swali la redio ovyo. Akamfunga. Injinia aliruhusiwa kwenda kwao. Mwalimu Daniel alitaka kunipa mkono mlangoni, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mwatumu na mimi tulirudi kwa njia moja, hatuna njia nyingine, yeye mbele na mimi nyuma. Idi ilipofika hakikupita kitu juu ya ukuta, na sikutegemea kipite. Krismasi nilikaanga maandazi, nikayaweka ukutani kwenye sahani, nimeyafunika. Jioni yalikuwa pale pale, wadudu wameshayapata.

Gerezani nakwenda siku za kutazama wafungwa. Tunaongea kwa kelele, watu ni wengi.

"Unakula, mwanangu?"

"Nimekula."

"Unalala?"

"Nimelala."

"Unasali?"

Anafikiri. Hilo halijibu.

Sokoni bado wanasema kuna kijana aliyeua mtu kwa Kiingereza. Siwakatazi tena. Nimeandika tu ya kuepuka, na mwenye mtoto amsomee.

Usimwache mtoto aende kazini na yale maneno yasiyobadilika yakiwa peke yake. Cut, put, shut, hit. Hayo yanayoitwa rahisi ndiyo ya kuogopa.

Usiseme "I shut" kazi ikiwa bado mkononi. Sema "I am shutting", hata kama ni ndefu. Ikiisha, "I have shut". Kama huna uhakika wa lolote, sema "not yet", au sema "no", hiyo inatosha kumzuia mtu.

Usijibu swali kwa kumrudishia muulizaji neno lake.

Usijibu mara mbili. Kwetu mara mbili ni haraka, kwao ni uhakika.

Ukiulizwa "You not shut?" usiseme "yes" ukimaanisha ndiyo, sijafunga. Wao wataelewa umefunga.

Usiingie ndani ya pipa wala tanki kwa sababu umeambiwa nafunga. Subiri nimefunga, hata adhana ikiwa imeshaadhiniwa.

Usimpeleke shahidi mahakamani kabla hujajua analinda nini chake.

Usimwendee mama aliyefiwa kumwomba herufi.

Usimwambie "nafunga", kwa lugha yoyote, mtu asiyeiona mikono yako.